Mtunza Vibati na Siku ya Baba

Ukimuuliza meneja wa yale machimbo ya mawe ni nani aliyeanzisha Siku ya Baba, atakujibu bila haya kwamba ni kampuni, kisha atakuonyesha picha ukutani, yeye mwenyewe akikata utepe. Mwaka siku hiyo ilipoanza, meneja huyu alikuwa bado anafungwa kamba za viatu na mama yake. Ukiwauliza wachimbaji, watakuambia ni Mama Vibati, mtunza ubao wa getini, kwa jinsi alivyompenda marehemu baba yake. Hiyo nayo ni hadithi ya kubembelezea watoto. Baba yake Mama Vibati alikuwa mtu wa kuonekana kwa msimu kama kumbikumbi, na alipokufa bintiye alilia siku moja, akaosha vyombo vya msibani, akarudi kazini.

Siku ya Baba ililetwa na woga. Mama Vibati alilijua hilo peke yake, na kwa miaka ishirini na miwili alikaa nalo kama mtu aliyemeza mwiba.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Pale getini palikuwa na chumba cha mbao chenye dirisha moja linalotazama shimo, na ukutani ubao mkubwa wenye misumari sitini. Kila mwanamume aliyeshuka shimoni alikuwa na kibati chake, kipande cha bati kilichotobolewa namba. Akiingia anakitundika kwenye msumari wake kwa mkono wake. Akitoka anakitoa kwa mkono wake. Saa sita mchana fundi baruti huja, hutazama ubao, na ukiwa mtupu hupiga king'ora mara tatu, kisha hulipua mwamba. Kikibaki kibati kimoja tu, hata mwenyewe awe ameonekana sokoni akinunua vitunguu, hakuna kulipua.

Lakini sheria ni sheria na watu ni watu. Kulikuwa na njia ya mkato iliyopanda kutoka shimoni ikapita chini ya dirisha la Mama Vibati, ikaelekea mjini bila kuzunguka getini. Mwanamume mwenye haraka alikuwa anapiga mluzi kutoka chini, "Mama, nitolee!" Naye Mama Vibati anakitoa kibati, anakitia kwenye kopo, mwenyewe atakichukua kesho yake. Waliokuwa na haraka zaidi ni wenye watoto. Huyu mwanawe ana homa, yule mkewe ameshikwa na uchungu, mwingine ameitwa na mwalimu mkuu kwa sababu mtoto amempiga mwenzake na daftari. Mama Vibati hakuwa na mtoto, na mume wake alikuwa ameshazikwa. Labda ndiyo maana hakuweza kuwanyima. Aliwatania tu: "Siku moja nitakutoa wewe nikiache kibati!" Wanaume walicheka, naye alicheka. Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Usaha ulitumbuka siku ya Ijumaa, shule zinafungwa. Kulikuwa na mtoboaji mwamba mmoja waliyemwita Mrefu, kwa kuwa hakukuwa na mlango pale machimboni ambao haujamgonga kichwa. Mkewe alikufa binti yao akiwa hajaanza kutembea, na tangu hapo Mrefu alikuwa baba na mama kwa pamoja, anasuka nywele vibaya na kupika vizuri. Siku hiyo binti, wa miaka saba, angesoma shairi mbele ya wazazi saa sita na nusu. Saa sita kasoro robo Mrefu akapanda njia ya mkato, akapiga mluzi, akapunga mkono. Mama Vibati akakitoa kibati namba kumi na tisa.

Dakika kumi baadaye, birika likichemka, akamwona tena. Mrefu alikuwa anarudi. Alipopita chini ya dirisha walisemezana maneno mawili matatu, naye akashuka shimoni mbio.

Mama Vibati alijua la kufanya. Kibati kirudi msumarini, basi. Aliunyoosha mkono kuelekea kwenye kopo, birika likafurika, akalikimbilia. Watu watatu wa mwisho wakaingia kutoa vibati vyao, mmoja akaomba sukari. Alipogeuka, fundi baruti alikuwa ameshachungulia mlangoni, ameuona ubao mtupu, ameondoka.

King'ora cha kwanza kikalia.

Hapo bado kulikuwa na muda. Kando ya dirisha kulikuwa na kitambaa chekundu kwenye fimbo. Ukikipeperusha, fundi baruti anasimama hata kama ameshainua mkono. Mama Vibati alikishika. Kisha akawaza: ataniuliza, mtu gani huyo aliyeko shimoni, mbona ubao ni mtupu? Nani kamtolea? Akaiona barua ya kuachishwa kazi, akakiona chumba chake cha kupanga, akamwona mwenye nyumba. Akajiambia Mrefu ana miguu ya twiga, ameshatoka huyo. King'ora cha pili kikalia naye amesimama, kitambaa mkononi. Watu husema woga humkimbiza mtu. Yeye ulimgandisha. Cha tatu kilipolia ndipo mkono ulipojitingisha, na kabla kitambaa hakijafunguka ardhi ikatetemeka na vikombe vikaanguka.

Mrefu alikutwa katikati ya njia, akiwa anapanda.

Wakaja watu watatu waliovaa tai. Wakauliza nani alikitoa kibati namba kumi na tisa. Mama Vibati akasema, "Alikitoa mwenyewe." Wakaandika kwamba marehemu alirudi shimoni bila kutundika kibati, kwa uzembe wake. Neno hilo, uzembe, likatoka kwenye karatasi likaingia mitaani, likamfikia hata binti, aliyechukuliwa na shangazi yake. Watoto wenzake wakawa wanamwambia baba yako alikuwa mzembe, kama vile wao wenyewe walikuwa wanajua maana yake.

Tangu siku ile wanaume walipiga mluzi chini ya dirisha mpaka midomo ikakauka. Mama Vibati hakumtolea mtu tena. Walidhani ana huzuni, wakamheshimu kwa hilo, na heshima yao ilimuumiza kuliko matusi.

Mwaka mmoja baadaye, Ijumaa ya kufunga shule, alimkuta yule binti amesimama getini na sare zake, ameushika waya wa uzio, anatazama shimo.

"Shikamoo. Baba alikuwa anafanya kazi wapi hapa?"

Mama Vibati aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa sakafuni chini ya ubao mpaka mtoto akaondoka. Juma lililofuata alikwenda kwa meneja wa wakati ule, akaomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiomba: kila mwaka, Ijumaa ile, usilipuliwe mwamba. Watoto waruhusiwe kuingia, waone baba zao wanasimama wapi, wanashika nini. Na baba zao wakae kwenye viti siku moja, wahudumiwe wao.

"Kwa nini?" meneja aliuliza.

"Kwa ajili ya baba yangu," alisema, na uongo ukatoka laini kama siagi.

Meneja alikubali, si kwa huruma. Mashine zilihitaji siku moja ya kupakwa grisi. Mwaka uliofuata wakaja watoto arobaini. Watu wote walikula wakacheka, isipokuwa Mama Vibati, aliyewahesabu watoto wakishuka, akawahesabu wakipanda, kisha akashuka mwenyewe kuangalia kama hakuna aliyesahaulika. Binti wa Mrefu alikuja na shangazi yake. Alisimama mbele ya msumari namba kumi na tisa, ambao haukuwa na kitu, akaugusa, akaondoka. Mwaka uliofuata akaja tena. Na uliofuata.

Kiwanda cha mbao cha jirani kikaiga. Shule zikaiga, halafu mji mzima, na kabla watu hawajajua ikawa sikukuu ya watu wote, na maturubai, na vipaza sauti, na wauza mashati wanaopandisha bei. Kadiri ilivyokua ndivyo Mama Vibati alivyozidi kuogopa. Kila mwaka walimwita jukwaani aeleze alivyompenda baba yake, na kila mwaka aliongeza kidogo, mpaka yule mzee wa msimu akawa karibu mtakatifu. Kila mwaka alimtafuta binti wa Mrefu kati ya watu kwa jicho la pembeni, akiomba asije, akiomba aje.

Mwaka huu, Mama Vibati akiwa ameshastaafu, kamati ya sherehe ilitaka asili ya siku hiyo iandikwe, isomwe mbele ya watu, kisha ichongwe kwenye jiwe la getini. Kamati ikatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Ikampata mwalimu wa shule ya msingi, binti wa marehemu Mrefu.

Alikuja Jumatano alasiri. Mama Vibati alikuwa anachambua mchele aliposikia hodi, akaitambua sauti, na sinia likamtoka mkononi.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo kitandani, hicho kiti kina mguu mgonjwa."

Mwalimu aliinama kwanza, akamsaidia kuokota mchele. Alikuwa mrefu, kama mtu angetarajia, na mpole kwa namna inayowaogopesha wenye makosa. Walipomaliza alitoa daftari na rula. Akaandika tarehe juu ya ukurasa, akaipigia mstari.

"Nataka asili yenyewe, Mama, si ile ya meneja," alisema akicheka. "Tuanze na baba yako. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Vibati alifungua mdomo kutoa hadithi aliyoitoa mara ishirini. Ilikuwepo yote, na mahali pa kulia alipajua. Lakini alikuwa anautazama ule mstari ulionyooka, akawaza kwamba kitakachoandikwa chini yake kitachongwa kwenye jiwe, na binti huyu atapita hapo kila siku akienda kazini, anasoma uongo juu ya baba wa mtu mwingine.

"Kibati cha baba yako nilikitoa mimi," alisema.

Kalamu ikasimama.

Akamweleza. Mluzi, kopo, Siku ya Baba ilivyoanza, watu wa tai. "Niliwaambia amekitoa mwenyewe. Nilidanganya, mwanangu. Sheria ilikuwa inakataza, nami niliogopa."

Mwalimu aliuangalia ule mstari chini ya tarehe. "Kwa hiyo hakuwa mzembe."

"Hakuwa. Alikuwa baba yako, anawahi shairi lako."

"Ulijua kwamba amerudi shimoni?"

Swali lilikuja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa. Mama Vibati alikuwa ametembea njia ndefu mchana ule; imebaki hatua moja. Akaitazama hatua ile, na woga wa zamani ukamkamata miguu ileile.

"Sikumwona," alisema.

Mwalimu akafunga daftari na rula ndani yake. "Asante, Mama," akasema, akatoka, na chai aliyowekewa haijaguswa.

Alhamisi nzima Mama Vibati alikuwa roho juu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mlangoni ilikuwa inakuja kumchukua yeye. Alifungasha nguo tatu ili aende kwa dada yake, akazifungua, akazifungasha tena. Jirani alipomuuliza kama anasafiri, alisema anatafuta kunguni. Alikuwa anaogopa polisi, ndiyo, na alikuwa anaogopa midomo ya watu. Ila akikaa kimya, lililokuwa linamrudia ni lile neno moja, sikumwona. Mbele ya watu wa tai alikuwa amemsingizia marehemu. Sasa alikuwa amemdanganya mwanawe, macho kwa macho, baada ya kusaidiwa kuokota mchele.

Ijumaa alikwenda. Hakujua kwa nini. Labda mwenye hatia huchoka kusubiri. Uwanja wa machimbo ulikuwa umejaa. Wenye siku yao walikuwa mbele, wamepiga pasi mashati, wanaona haya kuhudumiwa. Kati yao alikuwa fundi baruti, mzee sasa, na kofia magotini. Meneja alihutubia mpaka watoto wakaanza kulala. Kisha Mwalimu akaitwa asome asili ya Siku ya Baba.

Alisoma bila kuinua macho.

"Siku hii ilianza na kifo cha baba yangu. Mmeambiwa alikuwa mzembe. Hakuwa. Kibati chake kilitolewa na mtunza ubao, kwa kuombwa na baba mwenyewe, kama alivyoombwa na wengi wenu mlioketi hapo mbele." Vichwa vikageuka. Mama Vibati alihisi macho yakimchoma kutoka pande zote, akakamata ukingo wa kiti. "Lakini baba alikuwa ameshatoka salama. Alirudi kwa ajili yangu. Kamba ya mfuko wangu wa shule ilikatika, akauchukua ili aushone kazini kwa uzi wa mikanda ya mashine. Asubuhi ile nilimwambia, ukija bila mfuko wangu, usije kabisa. Akafika njiani, akakumbuka mfuko ameuacha kwenye banda la shimoni, akarudi. Sikuwahi kumwambia mtu, hata shangazi. Kila mwaka nimekuja hapa nikiogopa kwamba mmoja wenu anajua. Kwa hiyo mkitaka kumlaumu mtu, msimlaumu mama yule. Baba yangu alirudishwa shimoni na mimi. Naomba jiwe liandikwe hivyo."

Akaikunja karatasi mara mbili.

Mama Vibati alijua kwamba angeweza kukaa kimya. Hapo ndipo penye kutisha. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Binti alikuwa ameubeba mzigo wote peke yake, na watu walikuwa wameshaanza kumwonea huruma mama wa getini. Angenyamaza tu, angezikwa na heshima zake.

"Si kweli!" alisema. Alishangaa kujikuta amesimama.

Meneja akashika kipaza sauti. "Mama, tafadhali, ratiba yetu..."

"Ratiba ikae chini." Mtu mmoja alicheka kwa woga, akanyamaza. "Mwanangu, juzi nilikudanganya. Nilimwona. Alipita chini ya dirisha langu, nilimwona akishuka kwa macho haya. King'ora kililia mara tatu. Kitambaa chekundu nilikuwa nimekishika hapa, kwenye mkono huu. Sikukipeperusha. Niliogopa kuulizwa mbona ubao mtupu. Niliogopea kazi yangu. Mfuko haukumuua baba yako. Wewe ulikuwa mtoto unataka mfuko wako, na kila mtoto anataka mfuko wake. Angepanda salama kama ningenyanyua mkono."

Fundi baruti alikuwa ameuziba uso kwa kofia. Mwalimu akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, na wanawake wawili wakainuka, kwa sababu walidhani anakwenda kumpiga. Mama Vibati naye alidhani hivyo, na hakurudi nyuma.

Mwalimu alisimama karibu sana. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Alikuwa amekasirika?"

Mama Vibati hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa ni nini hasa mtoto huyu alichokuwa anakiogopa kwa miaka yote ishirini na miwili, kila mara akigusa msumari mtupu na kuondoka nacho.

"Hakukasirika," alisema. "Alikuwa anacheka peke yake. Nilimuuliza, Mrefu, umesahau nini tena? Akaniambia, nimetumwa na mkubwa wangu, na mkubwa wangu hapendi kusubiri."

Mwalimu akamshika mikono yote miwili, kwa nguvu, kama anayeogopa kuanguka.

"Rudia," alisema.

Mama Vibati akarudia.